Kiongozi Aliyewaeleza Watu Habari za Fedha Zao

Kila katibu wa chama cha akiba na mikopo anaijua siku moja ambayo huomba isifike: siku ambayo wanachama wengi watakuja dirishani asubuhi ileile kudai amana zao. Hakuna chama, hata kiwe na hesabu safi namna gani, kinachoweza kuwalipa wote siku hiyo. Fedha hazilali katika kasha la chuma. Zimo mikononi mwa wanachama wengine waliokopa. Zimekwisha kuwa mbegu na mbolea, mabati ya nyumba na karo za shule, nazo zitarudi kidogo kidogo kwa tarehe zilizoandikwa katika mikataba. Mjumbe wa halmashauri analijua jambo hili. Mwanachama wa kawaida mara nyingi halijui, na sababu si kwamba ni gumu, bali ni kwamba hajapata kuelezwa.

Katika makala haya twapenda kutoa habari za kiongozi aliyefikiwa na siku ya namna hiyo, si katika chama cha watu mia mbili, bali katika nchi nzima, na jinsi alivyosema na watu wake. Kiongozi huyo ni Franklin D. Roosevelt, Rais wa Marekani, na siku yenyewe ni Jumapili, tarehe 12 Machi, 1933.

Yafaa kwanza tueleze mambo yalivyofikia hapo. Bei za hisa zilianguka mjini New York mwezi Oktoba, 1929, na baada ya hapo bei za mazao na za mali nyingine zikazidi kushuka. Mkulima aliyekopa kwa kuweka shamba rehani hakuweza tena kulipa, kwa kuwa ngano au pamba aliyoitegemea haikuwa na bei. Benki ndogo za mashambani zilizowakopesha wakulima hao zikaanza kufa. Tangu mwaka 1930 hadi mwisho wa 1932 benki zaidi ya 5,000 zilifungwa, na wakati ule hapakuwa na bima ya taifa ya kumlinda mwenye amana. Basi mtu aliyesikia kwamba benki ya mji wa jirani imefungwa alifanya jambo la busara kwa upande wake: alikwenda akatoa fedha zake akazificha nyumbani. Lakini jambo lililo busara kwa mtu mmoja, likifanywa na watu wote kwa pamoja, huleta msiba. Tarehe 14 Februari, 1933, gavana wa jimbo la Michigan aliamuru benki zote za jimbo lake zifungwe. Hofu ikaenea toka jimbo hata jimbo. Asubuhi ya tarehe 4 Machi, siku ambayo Roosevelt aliapishwa, benki za New York na Illinois nazo zilikuwa zimefungwa, na karibu nchi nzima haikuwa na mahali pa kuvunja hundi. Wakati huohuo mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi.

Isidhaniwe kwamba Rais aliyemtangulia, Herbert Hoover, alikaa kimya. Tarehe 6 Machi, 1932, mwaka mzima kabla ya benki kufungwa, yeye mwenyewe alisema katika redio akiwasihi wananchi wasifiche fedha zao, kwa maana fedha iliyofichwa inamnyima kazi mtu mwingine. Aliyosema yalikuwa kweli. Ila yule mwenye dola mia moja chini ya godoro alikuwa na swali moja tu, nalo ni hili: je, benki yangu mimi ni nzima? Swali hilo halikujibiwa. Aliambiwa wajibu wake kwa taifa. Hakuambiwa hali ya benki yake.

Hata uwazi ulijaribiwa, na ulileta madhara. Serikali ilikuwa imeunda shirika la kuzikopesha benki zilizobanwa, na tangu mwezi Agosti, 1932, majina ya waliokopeshwa yalianza kutangazwa hadharani kwa matakwa ya Baraza la Wawakilishi. Nia ilikuwa kuonyesha fedha za umma zinakokwenda. Lakini mtu aliyeona jina la benki yake katika orodha alisema moyoni, kumbe hawa ni wagonjwa, akaenda kutoa amana yake. Hapa pana jambo la kuangaliwa sana na makatibu. Kutundika takwimu ukutani si sawa na kuwaeleza watu. Takwimu isiyo na maelezo humwacha msomaji ajitungie maelezo yake mwenyewe, na wakati wa hofu atatunga yale mabaya zaidi.

Roosevelt hakuanza kwa kusema. Saa 7 usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 6 Machi, alitoa amri ya kuzifunga benki zote za nchi kwa siku kadhaa. Watu waliziita siku hizo likizo ya benki, jina zuri kwa jambo baya, lakini lilisaidia kupunguza makali. Tarehe 9 Machi Bunge lilikutana na kupitisha sheria ya dharura siku hiyohiyo. Katika Baraza la Wawakilishi mjadala haukuzidi dakika 40, na wengi walipiga kura wakiwa wameisikia sheria ikisomwa tu, hawakuwa na nakala mkononi. Si namna nzuri ya kutunga sheria, wala hatuipendekezi kwa mkutano mkuu wowote. Sheria hiyo iliipa serikali uwezo wa kukagua benki na kuruhusu zilizo nzima zifunguliwe, na iliruhusu noti mpya zitolewe kwa dhamana ya mali za benki, ili benki itakayofunguliwa isikose fedha taslimu. Wakaguzi na maofisa walifanya kazi usiku na mchana. Miongoni mwao walikuwamo waliotumikia serikali ya Hoover, ambao waliombwa wabaki nao wakakubali. Ndipo Rais alipoomba nafasi redioni, saa 4 usiku kwa saa za Washington, watu wakiwa wamemaliza shughuli zao za Jumapili. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 60 walimsikiliza, karibu nusu ya wakazi wote wa nchi.

Hotuba ilikuwa chini ya robo saa. Alianza kwa kusema kwamba anataka kuzungumza na watu juu ya benki: wachache wanaoelewa kazi za benki, lakini hasa wale walio wengi, ambao kwao benki ni mahali pa kuweka fedha na kuandika hundi. Papo hapo aliwaambia mambo matatu atakayoeleza: lililofanywa siku zilizopita, sababu yake, na litakalofuata. Akawashukuru kwa uvumilivu wao katika usumbufu wa wiki ile. Hakukuwa na salamu ndefu wala kumbukumbu za mashujaa.

Kisha alieleza lile ambalo tumelitaja mwanzoni mwa makala haya. Ukiweka fedha benki, alisema, benki haiziweki kasha moja na kufunga kwa ufunguo. Inazitia katika hati za dhamana, mikopo ya biashara, rehani za nyumba na mashamba, ili gurudumu la viwanda na kilimo liendelee kuzunguka. Sehemu ndogo tu hubaki kuwa noti, na katika siku za kawaida sehemu hiyo hutosha kabisa. Baada ya hapo alionyesha kilichotokea mwishoni mwa Februari: watu walikuja wengi kwa mara moja, na hata benki iliyo imara haikuweza kuuza mali zake upesi, ila kwa bei ya kutupa. Mtu aliyesikiliza hadi hapo alikuwa amepata jambo ambalo hakuwa nalo saa moja kabla: alijua kwamba benki kufungwa na benki kufilisika ni mambo mawili mbalimbali.

Sehemu ambayo sisi twaiona ndiyo yenye ustadi mkubwa zaidi ni ile ya ratiba, ingawa wanaosimulia hotuba hiyo huipita haraka. Alisema kesho, Jumatatu, zitafunguliwa benki zilizokaguliwa katika miji 12 yenye Benki Kuu za wilaya. Jumanne zitafuata zile za miji yenye vituo vya kubadilishana hundi, yapata miji 250. Jumatano na siku zitakazofuata zitafunguliwa za miji midogo na vijiji. Akaeleza kwa nini haziwezi kufunguliwa zote kwa siku moja: ukaguzi unahitaji muda, na noti lazima zisafirishwe. Kisha akaongeza onyo la maana sana, kwamba benki yako isipofunguliwa siku ya kwanza, usidhani kamwe kwamba haitafunguliwa. Fikirini ingekuwaje kama asingelitamka neno hilo. Jumatatu asubuhi mtu wa mji mdogo angeliona mlango umefungwa huku mjini kwa wenzake umefunguliwa, na hofu ingelianza upya. Kiongozi alikuwa ameiona hofu hiyo kabla haijazaliwa, akaijibu mapema.

Wala hakuahidi asiloweza kutimiza. Alikiri kwamba baadhi ya wakuu wa benki walikuwa hawana uwezo au hawana uaminifu, na kwamba walitumia vibaya amana za watu. Alisema wazi kwamba hawezi kuahidi kila benki itafunguliwa wala kwamba hakuna mtu atakayepata hasara, ila hasara zote ambazo zingeliweza kuepukwa zitaepukwa. Maneno hayo ni machungu, na mshauri mwoga angelimwomba ayafute. Lakini ndiyo yaliyoyapa uzito maneno mengine. Alipokuja kusema kwamba fedha ziko salama zaidi katika benki iliyofunguliwa upya kuliko chini ya godoro, msikilizaji alikwisha kuona kwamba mtu huyu anatenganisha nzima na mbovu. Mwisho alisema kwamba mpango umewekwa na serikali, lakini kuufanikisha ni juu ya watu wenyewe, na kwamba tatizo ni lao kama lilivyo lake.

Asubuhi ya tarehe 13 Machi mistari ya watu ilionekana tena mbele ya benki, lakini safari hii wengi walikuja kuweka. Hadi mwisho wa mwezi yapata theluthi mbili ya noti zilizokuwa zimefichwa zilikuwa zimerudi. Soko la hisa la New York lilipofunguliwa tarehe 15 Machi, bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 15 kwa siku moja. Mchekeshaji mashuhuri Will Rogers alisema kwa dhihaka kwamba Rais amelieleza jambo la benki hata watu wa benki wenyewe wakalielewa.

Ufasaha huo haukushuka kutoka mbinguni. Roosevelt alikuwa amelizoea jambo la redio tangu 1929, alipokuwa gavana wa jimbo la New York, ambako magazeti mengi hayakuwa upande wake. Rasimu ya hotuba ya benki ilipita mikononi mwa watu kadhaa, akiwamo Arthur Ballantine, ofisa wa wizara ya fedha aliyebaki kutoka serikali ya Hoover. Roosevelt akaigeuza kwa lugha yake, akitoa maneno ya kitaalamu. Alisema polepole. Frances Perkins, aliyekuwa Waziri wa Kazi, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1946 kwamba Rais aliposema redioni uso wake ulichangamka na mikono yake ikaenda kama ya mtu aliyeketi barazani na wale anaowasimulia, ingawa mbele yake palikuwa na vipaza sauti tu. Tena hakusema kila wiki. Katika miaka 12 ya utawala wake hotuba za namna hiyo hazikuzidi sana 30, kwa sababu alijua kwamba sauti inayosikika kila siku haisikilizwi.

Na njia haikuwa ya upande mmoja. Watu walimwandikia. Barua zilifika kwa maelfu kila siku, hata ofisi ya barua ya Ikulu ikalazimika kuongezewa watu wengi. Barua hizo zilichambuliwa, na muhtasari ukapelekwa kwa Rais. Hivyo alijua ni wapi maelezo yake hayajaeleweka. Kuna viongozi wa vyama wanaodhani kwamba wamekwisha kuwasiliana na wanachama kwa kuwa wamebandika tangazo. Tangazo ni nusu ya kazi, na pengine si nusu.

Mwanachuoni James MacGregor Burns, aliyeandika maisha ya Roosevelt katika kitabu kilichotoka mwaka 1956, alichapisha mwaka 1978 kitabu kingine juu ya uongozi kwa jumla. Humo alitofautisha uongozi wa namna mbili. Wa kwanza ni wa kupeana: nipe kura nikupe barabara, nipe mazao nikupe bei. Wa pili ni wa kugeuza, ambamo kiongozi na wanaoongozwa huinuana hata wakafikia makusudi ambayo hakuna kati yao angeyafikia peke yake. Uongozi wa kupeana si dhambi. Ushirika wowote huishi kwa kupeana, na mwanachama asiyelipwa pamba yake hawezi kushibishwa na hotuba. Lakini tarehe 12 Machi, 1933, Roosevelt hakuwa na kitu cha kugawa. Alichofanya ni kumgeuza mtu aliyekuwa akijilinda dhidi ya majirani zake awe mtu anayejiona kuwa sehemu ya ulinzi wa majirani hao. Kwa maoni yetu kilichomgeuza si utamu wa sauti bali heshima aliyopewa, ya kuelezwa jambo kama mtu mwenye akili.

Tusimpambe kupita kiasi. Benki zaidi ya 12,000 zilikuwa zimeruhusiwa kufunguliwa ilipofika katikati ya Aprili, lakini nyingine zaidi ya 4,000 zilibaki zimefungwa, na wenye amana humo walingoja muda mrefu, wengine wakapata sehemu tu. Ukosefu wa kazi haukuondolewa na hotuba. Uliendelea kwa miaka mingi, na uchumi ulianguka tena mwaka 1937. Zaidi ya hayo, ile bima ya amana ambayo leo huhesabiwa kuwa tunda kubwa la mwaka ule, Roosevelt mwenyewe hakuitaka hapo mwanzo, akihofu kwamba benki nzima zitabebeshwa mizigo ya zile mbovu. Ni Bunge lililosukuma, na wananchi wakalisukuma Bunge. Alitia sahihi sheria yake tarehe 16 Juni, 1933. Bima ilianza tarehe 1 Januari, 1934, kwa amana zisizozidi dola 2,500 kwa mtu, na mwaka huo benki zenye bima zilizofilisika zilikuwa 9 tu. Kwa hiyo maelezo mazuri yalizima moto kwa usiku mmoja. Lililouzuia usiwake tena ni sheria.

Ndugu Katibu, huenda chama chako hakitapata kamwe siku kama hiyo. Lakini chaweza kupata ndogo yake: malipo ya mazao yamechelewa, mkopo mkubwa haujarejeshwa, uvumi umeanzia sokoni. Siku hiyo jambo la kwanza ni hesabu, si maneno. Kamati ikae, ijue ni fedha ngapi taslimu zilizopo, ngapi zinatazamiwa na lini, na mikopo ipi ni mibovu kweli. Halafu wanachama waitwe kabla hawajaja wenyewe. Waambiwe ni siku gani watalipwa walio na shida za lazima, ugonjwa au msiba, na siku gani wengine. Waambiwe pia kwamba atakayechelewa kwenye orodha hakusahauliwa. Ikiwa kuna hasara, itajwe kwa tarakimu na mwenyekiti mwenyewe. Mwanachama anaweza kustahimili habari mbaya anayoambiwa kwenye mkutano kuliko ile anayoidokezwa njiani.

Ila maelezo hayo yasingoje siku ya dhiki. Watu wa Marekani walielezwa kazi ya benki wakati benki zilipokuwa zimekwisha kufungwa. Chama chaweza kuwaeleza wanachama wake kazi ya amana siku wanapojiunga, na tena katika kila mkutano mkuu, kwa kuisoma mizania polepole na kwa lugha ya nyumbani: hiki ndicho mlichoweka, hiki ndicho mlichokopeshana, hiki ndicho kilichobaki katika kasha.

Sheria moja zaidi ya siku hizo yahusu ushirika moja kwa moja. Tarehe 26 Juni, 1934, Roosevelt alitia sahihi sheria ya kuandikisha vyama vya akiba na mikopo nchini Marekani kote, ambayo watu kama Edward Filene, mfanyabiashara wa Boston, walikuwa wameipigania kwa miaka mingi. Iliruhusu kikundi cha watu wenye kifungo kimoja, kama vile kazi au kijiji, kuweka akiba pamoja na kukopeshana kwa riba isiyozidi asilimia 1 kwa mwezi ya deni lililobaki. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, hata awe na hisa ngapi. Na katika kila chama ilitakiwa iwepo kamati ya usimamizi, ambayo kazi yake ilikuwa kukagua vitabu na kuwasomea wanachama, katika mkutano wao wa mwaka, yale iliyoyakuta.